Jarari ya Mashua Kuukuu

Mashua yenye tanga la pembetatu huning'iniza mzigo wake wote wa juu kwenye kamba moja tu, nayo ni henza. Imefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Inapanda hadi kichwani mwa mlingoti, inapita juu ya roda, lile gurudumu dogo lenye mfereji, kisha inashuka upande wa tezi. Haifiki chini. Mwisho wake umefungwa gofia, yaani kapi la juu, na hapo ndipo jarari, kamba ya kuvutia, inapoanza kazi: inapanda kwenye gofia, inashuka kwenye kapi lililofungwa chini, inapanda tena, inashuka tena, hadi ncha yake iingie mikononi mwa mabaharia. Wakivuta jarari, gofia inashuka; gofia ikishuka, foromali inapanda na tanga linatwekwa.

Kamba hizi mbili ndizo zinazoamua kama tanga litapanda kwa wakati, kama litakaa juu usiku kucha na, lililo zito kuliko yote, kama litashuka upepo ukichafuka. Henza ikikatika baharini, foromali huanguka, na chini yake wamekaa watu. Jarari ikikwama ndani ya kapi dhoruba imekwisha kuingia, tanga halituliki na chombo kimo hatarini kupinduka. Tena henza, kwa kuwa inashuka upande wa tezi, husaidia kuuzuia mlingoti usilalie mbele. Hakuna kamba nyingine chomboni iliyobebeshwa kazi nyingi hivyo.

Pwani yetu humsifu sana fundi wa kuunda. Nungwi, Matondoni na kwingineko wageni husimama kumtazama anayechonga mataruma kwa tezo, au anayepiga kalafati kwa pamba iliyolowa mafuta, na wanastahili kusimama. Kazi ya kutengeneza jarari ya chombo kilichokwisha kuzeeka haina watazamaji. Fundi hukaa kivulini, miguu ameinyoosha, na kamba mapajani. Kwa mpita njia ni mtu anayepumzika. Mimi kila nilipopata nafasi ya kukaa karibu na kazi hiyo nimeondoka nikiamini kwamba ni miongoni mwa kazi za akili kubwa kabisa katika ubaharia wetu, na ningependa kueleza kwa nini.

Kazi huanza maji yakishatoka na mashua imekaa juu ya mchanga, imeegemezwa magogo. Foromali inatuliwa, jarari inachomolewa yote kutoka kwenye makapi. Fundi hailazi mchangani. Huitandikia jamvi au tanga bovu, kwa sababu punje za mchanga zikiingia baina ya nyuzi hukaa humo, na kila kamba inapovutwa hukata kidogo kidogo kutoka ndani, mahali jicho lisipofika. Kisha huiosha kwa maji baridi ya kisima. Chumvi nayo ikikauka hugeuka punje.

Ikisha kukauka, anaipitia mkono kwa mkono, na kila anapokuta dosari anafunga kijiuzi. Haikimbilii ile iliyo mbaya zaidi. Anapita mpaka mwisho, halafu anarudi mwanzo. Kamba nzuri ya aina hii ni nyuzi tatu nene zilizosokotwa pamoja. Nyuzi hizo zenyewe zimesokotwa kuelekea upande mmoja, na zikaunganishwa kwa kusokotwa upande wa pili, hata kila msokoto ukawa unauzuia mwenzake usifunguke. Fundi huishika kamba kwa mikono miwili, huipotoa kinyume, na nyuzi zinaachana kidogo. Hapo huchungulia ndani. Kamba inaweza kuwa safi nje na ndani yake mna vumbi la nyuzi zilizokwisha kusagika. Nyingine imechakaa nje ikatisha, ndani bado imara.

Kila dosari ina asili yake, na fundi anazijua kwa sura. Kamba iliyolika pande zote kwa usawa imechoshwa na kupinda juu ya roda, na hiyo ni haki ya umri wake. Iliyolika upande mmoja tu imekuwa ikisuguliwa na ubavu wa kapi. Kamba ya plastiki yenye mng'aro mgumu, kama iliyopitishwa motoni, imeburutwa juu ya roda isiyozunguka hadi ikayeyuka juu juu. Iliyopauka na kutoa unga wa kuchoma vidole imeliwa na jua. Iliyo na vumbi ndani na uzima nje imebebeshwa kupita kiasi, au imemeza mchanga.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Fundi anaikubali methali hiyo, kisha anakwenda hatua moja mbele: anauliza ubovu ule umetoka wapi. Kijana aliyekuwa akimsaidia mzee mmoja kazi hii aliwahi kumwambia, "Ami, si tununue mpya tu tukamaliza?" Mzee hakuinua macho. "Mpya tutanunua, mwanangu. Lakini kwanza tumjue aliyeila hii, maana na hiyo mpya ataila."

Ndipo inapokuja hatua ninayoiona kuwa kiini cha ufundi wote. Kamba yenye vijiuzi vyake inarudishwa kwenye makapi, foromali inapandishwa bila tanga hadi mahali pake pa kawaida, na jarari inafungwa kama inavyofungwa safarini. Sasa fundi anatazama kila kijiuzi kimesimama wapi. Kimoja kimekaa juu ya roda ya gofia. Kingine kimegusa ubavu wa kapi la chini. Cha tatu kipo pale jarari inapofungwa baada ya kutweka. Alama ambazo zilikuwa zimetawanyika kwenye jamvi bila maana sasa zimepata mahali, na mahali panatoa ushahidi. Mashua imejieleza yenyewe jinsi inavyofanya kazi.

Sababu yake ni rahisi ikishasemwa. Tanga likiwa juu, jarari haitembei tena. Sehemu zile zile zake hukaa juu ya roda zile zile kwa saa nyingi, na kila wimbi linapoitikisa mashua sehemu hizo hucheza kidogo, hupinda na kunyooka. Kamba ya pima ishirini haichakai pima zote ishirini. Huchakaa shibiri chache hapa na shibiri chache pale.

Baada ya kamba zinafuata roda. Roda ya mti hutoka mikononi mwa mchongaji ikiwa mviringo, na tundu lake la katikati linakaa sawasawa kwenye mhimili. Miaka ikipita, tundu linatanuka upande mmoja kama kinu kilichotwangiwa na vizazi. Roda inaanza kuinama, inaegemea ubavu wa kapi, inazunguka kwa shida, na siku moja inaacha kuzunguka kabisa. Mabaharia hawajui. Wanachojua ni kwamba siku hizi tanga limekuwa zito.

Uzito huo unaweza kupigiwa hesabu. Tuseme foromali na tanga lake vina kilo 120, na jarari inapita kwenye roda mbili za gofia na mbili za kapi la chini, hata mzigo ukagawanyika juu ya mapito manne ya kamba. Kama roda zingezunguka bila ukinzani wowote, mvutaji angehitaji nguvu ya kilo 30 tu. Lakini kila roda inakula fungu lake. Ikiwa kila moja inakula sehemu moja ya kumi, nguvu inayotakiwa inafika karibu kilo 39. Roda zikichakaa hata kila moja ikala robo, inapita kilo 58, karibu maradufu ya ile ya kwanza. Foromali ni ile ile, tanga ni lile lile, na watu ni wale wale. Ndiyo maana fundi hutumia nusu siku juu ya kitu kinachoenea kiganjani, akikichonga upya, akilisawazisha tundu, akiuparua mhimili na kuupaka mafuta. Na ile faida ya kuvuta kwa wepesi ina bei yake: ili gofia ishuke mita 5, lazima mita 20 za jarari zipite mikononi. Kamba inatembea sana, kwa hiyo kila kikwazo kidogo kinajirudia mara nyingi.

Roda mpya inachongwa kwa mti mgumu wenye nyuzi zilizokazana, na mfereji wake unapimwa kwa kamba yenyewe. Mfereji mwembamba huibana kamba na kuikwangua mbavu. Mpana huiacha ilale bapa chini ya mzigo. Kamba ya katani hutaka uangalifu zaidi, kwa kuwa ikilowa hunenepa na kufupika. Kamba inayopita vizuri kwenye kapi wakati wa jua inaweza kukwama mvua ikinyesha, na mvua ndiyo huja na upepo wa ghafla unaomlazimisha nahodha kutua tanga. Kwa hiyo fundi huilowesha kamba kwanza, kisha ndipo hupima. Ukubwa wa roda nao una kanuni. Kamba inapopinda, nyuzi za nje huvutwa na za ndani hubanwa; roda ikiwa ndogo kwa unene wa kamba, pindo linakuwa kali na nyuzi za nje zinachoka mapema. Mwenye kapi lenye roda ndogo akinunua kamba nene akidhani ameongeza nguvu, huenda ameifupisha umri.

Lakini si kila roda inayoinama imeinama kwa uzee. Mara nyingine chanzo kiko mbali nayo. Fundi huikaza jarari, hupiga magoti nyuma ya kapi la chini na kutazama juu kwa jicho moja, akiufuata mstari wa kamba hadi kwenye gofia. Kamba inapaswa kuingia kwenye mfereji ikiwa imenyooka. Ikiingia kwa mshazari, hata kidogo sana, itausukuma ubavu wa mfereji kila siku, itailaza roda, na roda itailaza kamba kwenye kapi. Dawa inaweza kuwa kuyahamisha mafungo ya kapi la chini kwa vidole vinne kuelekea upande wa pili. Hakuna kilichonunuliwa wala kilichochongwa. Vidole vinne tu, na kamba inayofuata itaishi mara mbili ya iliyotangulia. Yeyote atakayeiona mashua hiyo kesho hatajua kwamba kuna jambo limefanyika.

Sasa kamba yenyewe. Kuna mambo ambayo fundi hayafanyii muhali. Henza haiungwi katikati. Ikiharibika mahali panapobeba mzigo, inashushwa cheo: itafungia dau pwani, itafunga mizigo, lakini haitarudi kichwani mwa mlingoti. Jarari inaweza kuungwa, na hapo ndipo mikono inapoonekana. Fundo la kawaida halifai, kwa sababu mbili. Kwanza, halipiti kwenye roda. Pili, fundo huipinda kamba kwa ukali hata nguvu yake inaweza kupungua hadi karibu nusu. Kuunga kwa kusuka, nyuzi kwa nyuzi, huhifadhi sehemu kubwa ya nguvu hiyo.

Kuna kuunga kufupi, ambako ncha mbili hufunguliwa, nyuzi zikapishanishwa, na kila uzi ukapitishwa chini ya uzi wa upande wa pili, juu ya unaofuata, kisha chini tena. Ni kuunga kwenye nguvu, ila hunenepesha kamba na kuifanya igome kwenye kapi. Kwa jarari fundi hutumia kuunga kurefu. Anautoa uzi mmoja wa kamba hii kwa urefu wa mikono kadhaa, na mahali pake palipobaki wazi anaulaza uzi wa kamba nyingine, ukifuata msokoto ule ule. Uzi wa pili anaufanyia hivyo kuelekea upande wa pili. Wa tatu unabaki katikati. Ncha zinakutana mahali patatu palipoachana, wala hakuna palipoongezeka unene. Kazi ikiwa nzuri, macho hayaoni kiungo. Kinahisiwa kwa vidole tu, na roda hainung'uniki.

Idadi ya mapito ya uzi inategemea kamba imetengenezwa kwa nini. Katani na makumbi zina nyuzi zenye ukwaru zinazoshikana zenyewe, na mapito matatu kamili hutosha. Nailoni na poliesta ni laini na huteleza, kwa hiyo zinataka matano au zaidi. Fundi aliyejifunza kwa kamba za zamani akasuka nailoni kwa mapito matatu ameunganisha kitu kitakachofunguka chini ya mzigo.

Na nyuzi hizi za leo kila moja ina tabia yake. Nailoni ina nguvu sana, lakini hunyumbuka. Ni njema kwa nanga, inayotakiwa kumeza mshtuko wa wimbi, ila ukiifanya henza tanga litakuwa linashuka polepole kila upepo unapozidi. Poliesta hainyumbuki sana na hulivumilia jua, kwa hiyo inafaa zaidi kwa kutweka. Zile kamba za buluu na kijani za polipropilini zilizojaa madukani ni nyepesi, huelea na bei yake ni nafuu, ndiyo maana zimeenea. Lakini jua huzila upesi, na msuguano huziyeyusha kwa urahisi kuliko nailoni. Fundi mwema hamdharau mvuvi aliyenunua ya bei nafuu. Humwambia ataibadilisha lini, na atazame wapi kabla ya siku hiyo.

Elimu hii ina mizizi mirefu hapa kwetu. Kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kijulikanacho kama Periplus, kinautaja mji wa Rhapta kwenye pwani hii na kueleza kwamba jina lake limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Kushona chombo ni kazi ya kamba. Mtepe, uliokuwa na tanga la mkeka na mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, ulibaki katika maji yetu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Waliokuwa wakiutegemea walijua kuipima kamba vizuri kuliko tunavyojua sisi, kwa kuwa kamba ndiyo iliyokuwa msumari wao.

Na kamba ya makumbi yenyewe ilitaka subira tangu mwanzo. Hadi leo wako wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja wanaoyafukia makumbi ya nazi mahali ambapo maji hupwa na kujaa, wakayaacha miezi mingi hadi nyama yake ioze na kubaki usumba. Wanayafukua, wanayapiga kwa magongo, wanayaosha na kuyaanika, kisha wanausokota usumba viganjani. Kamba yake haina nguvu kama ya katani, lakini huelea, hunyumbuka na huyastahimili maji ya chumvi. Kuivuta kamba nako kulikuwa na utaratibu wake. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri ndani ya jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Unguja na Rufiji, aliandika jinsi mabaharia walivyokuwa wakiimba walipokuwa wakitweka foromali yao kubwa. Wimbo ule ulikuwa na kazi. Uliikusanya mikono yote kwenye mvuto mmoja, na mvuto wa pamoja ulio sawa hauishtui kamba kama ivutavyo mikono isiyopatana. Hata uimbaji ulikuwa sehemu ya kuitunza jarari.

Kazi ya ukarabati inamalizika kwa majaribio, wala fundi hayaharakishi. Foromali inapandishwa tupu kwanza. Anasikiliza: roda inayozunguka vizuri ina mlio mmoja mfululizo, inayosugua hukatiza. Anaitua haraka, kwa makusudi, kama mtu aliyefikiwa na dhoruba, aone kama kamba itajikunja au kukwama. Kisha inapandishwa na tanga, siku ya upepo mdogo. Mwisho jarari inakaguliwa tena pale pale palipokuwa na vijiuzi.

Likishatimia hilo, humwita nahodha na vijana wake na kuwapa maagizo ambayo kwangu mimi ndiyo ukamilifu wa ufundi huu. Henza iachwe na ziada ya mkono mmoja kwenye mafungo ya foromali. Kila baada ya muda fungo lisogezwe kidogo, ili sehemu nyingine ya kamba ipande juu ya roda ya mlingotini na ile iliyochoka ipumzike. Jarari igeuzwe msimu ukigeuka, iliyokuwa ncha ya kuvutia iwe ncha iliyofungwa, ili palipochoka paondoke kwenye roda. Vipande vibovu alivyovikata havitupi. Anawakabidhi, kila kimoja na jina la kilichokiharibu, wavifungue, wavichungulie, waizoee sura ya kila ugonjwa.

Mtu anayeuza ufundi wake angeweza kunyamaza, maana jarari ikiharibika upesi ataitwa tena upesi. Yeye huifundisha mashua yote kumhitaji kidogo. Najua kwamba kamba ni rahisi kununua siku hizi kuliko zamani, na kwamba wengi watasema muda wote huu ungeokolewa kwa safari moja ya dukani. Lakini duka linauza kamba tu. Roda iliyoinama, kapi lililofungwa kombo na mkono usiojua kuvuta haviuziwi dawa popote. Vinataka mtu atakayekaa navyo mpaka avielewe. Vijana wanaofunzwa ubaharia leo, iwe nyumbani au vyuoni, wapewe kamba kuukuu mikononi kabla ya kamba mpya, na wasiruhusiwe kuibadilisha mpaka waweze kusema ni nini kilichoila.